Mrejesho: Nilimfuata yule dada wa kwaya

Bwana asifiwe, wapendwa. Mwezi uliopita niliomba ushauri hapa: nilimjibu vibaya dada mmoja wa kwaya mbele ya wenzetu, tukaacha kusalimiana. Wengi mlinielekeza Mathayo 5:23-24, nipatane naye kwanza ndipo nitoe sadaka.

Jumamosi nilikwenda kwake, nikamkuta anachambua mchele. Nikakaa kwenye kigoda, nikasema "nisamehe" bila kuongeza "lakini na wewe". Hilo "lakini" lilinikaba kooni, jamani! Akanyamaza kitambo, kisha akanisogezea ungo tuchambue wote.

Salamu zimerudi, ila kwenye mazoezi bado anakaa mbali nami. Mlinishauri pia nisiguse simu alfajiri kabla ya kusali; hilo nimeliweza siku nne tu kwa wiki.

Asanteni sana, hasa mama aliyesema niende peke yangu.