Kituo cha kulea watoto wa tumbili kwa ajili ya utafiti: kingeletwa Tanga, tungekubali?

Babu wa Raskazoni (mwanzisha mada)

Assalaam aleykum, na habari zenu wana-Tanga. Nimezeekea kwenye mabanda ya wanyama wa maabara, panya na sungura, kazi yangu kulisha, kufagia na kuandika daftari. Sasa nimestaafu. Mjukuu wangu anasoma saikolojia chuoni, juzi kaniletea picha: mtoto wa makaki, hawa kima wa Asia, kamng'ang'ania mwanasesere wa kitambaa, na pembeni yuko mwingine wa waya mtupu mwenye chupa ya maziwa. Ni kazi ya Harry Harlow wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, aliyoitangaza 1958. Watoto wale waliondolewa kwa mama zao wakiwa wachanga kabisa. Wakisikia njaa wanapanda kwenye waya, wakishiba hao wanarudi kwenye kitambaa.

Angeishia hapo labda nisingeandika. Lakini baadaye wengine walifungiwa peke yao miezi kadhaa, wengine hata mwaka. Waliotoka walikuwa wanajikumbatia, wanajing'ata, wanayumba mbele na nyuma. Na majike waliokulia vile walipokuja kuzaa, wengi hawakujua kulea, wengine wakawaumiza watoto wao wenyewe.

Mjukuu ananiuliza: babu, kazi kama hii ingeletwa Tanga, ungeomba ajira? Hakuna kituo kinachojengwa, msije mkaanza kuuliza kiwanja kiko wapi. Nauliza tu, tungekubali?

Msimamo wangu nautoa mapema. Sisemi utafiti wote kwa wanyama ni haramu, ningekuwa najilaani mwenyewe. Ninachokataa ni kumtenga mtoto na mama yake kwa makusudi wakati hakuna mtu aliyeandika na kusaini ni nani atamlea mpaka siku atakayokufa. Makaki akitunzwa vizuri kizuizini anafika miaka 25 na kuzidi. Fedha za mradi ni za miaka mitatu, mitano.

Kijana wa Korogwe

Shikamoo babu. Mimi naona tunaanza na Harlow kwa sababu ni rahisi kumchukia. Tuzungumze ya kwetu. Chanjo ya malaria RTS,S ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika kuanzia 2009, na hapa Tanzania ilikuwa Korogwe na Bagamoyo. Wadogo zetu wamo kwenye hesabu hiyo. Kabla ya kufika kwenye mikono yao ilipita kwa panya na kwa makaki. Mlitaka ianzie kwa mtoto wa Mombo?

Halafu kuna hili ambalo watu hawalijui. Dawa ya tenofovir, ambayo imo kwenye kile kidonge kimoja kwa siku wanachochukua ndugu zetu CTC, kliniki ya wenye VVU, 1995 ilionyeshwa kwamba inawakinga makaki wasipate virusi vya jamii ya VVU. Na huko Davis, California, walikuwapo watafiti walioijaribu kwa makaki wachanga, hao hao watoto tunaowazungumza, kwa sababu walitaka kujua kama mtoto wa mama mwenye virusi anaweza kukingwa. Leo mama mwenye virusi anazaa mtoto salama pale hospitali ya Magunga, Korogwe. Sasa mniambie nimlilie nani.

Mdigo wa Ngamiani

Ajira ngapi? Tuanzie hapo jamani.

Nesi Mstaafu

Nimekaa wodi ya watoto njiti muda mrefu, kwa hiyo niruhusuni nirefushe.

Kila ukisoma habari za Harlow utaambiwa bila yeye tusingejua kwamba mtoto anahitaji ngozi ya mama. Si kweli. John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti yake 1951, miaka saba kabla ya picha ya babu, na alitumia watoto wa binadamu waliotenganishwa na wazazi kwa vita, kwa hospitali, kwa vituo vya yatima. Ushahidi ulikuwapo, na uliletwa na watoto ambao tayari walikuwa wameumia. Hakuna aliyewaumiza ili apate cha kuandika.

Na hii huduma ya kangaruu tunayofanya, njiti anafungwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, ilianza Bogotá, Colombia, 1978, kwa sababu mashine za joto hazikutosha na watoto walikuwa wanalazwa wawili watatu kwenye moja. Shida ndiyo iliyoleta akili. Baadaye ukafanyika utafiti katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, Muhimbili, matokeo yakatoka 2021: watoto wenye uzito mdogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12 ndani ya siku 28, na waliosubiri kwanza watulie walikufa asilimia 15.7. Utafiti mkubwa, umeokoa watoto, na mama alikuwa ndani yake tangu dakika ya kwanza.

Kwa hiyo Kijana, mimi nakutenganishia mambo mawili. Kupima dawa kwa mnyama ni jambo moja. Kumtenga mtoto na mama ili uone ataharibikaje ni jingine. La pili majibu yake tunayo tangu babu zetu, hata wasiojua kusoma.

Mkulima wa Muheza

Nyie wa mjini mnawaonea huruma kwa sababu hamlimi. Tumbili wakiingia shambani asubuhi moja, mahindi yanabaki mabua. Kwetu vijana walimuua jike mmoja kwenye mahindi, wakakuta mtoto amemng'ang'ania tumboni, hataki kuachia. Mke wangu akamchukua. Akampa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, akaharisha karibu afe. Akapona. Basi hakutoka kwenye khanga ya mama watoto. Akiivua kwenda kuoga, mtoto analala juu ya ile khanga ameikamata kwa mikono na miguu. Ukiivuta analia mpaka jirani anakuja kuuliza kuna nini.

Sasa endelea nayo. Alipokuwa mkubwa akaanza kung'ata watoto, anaiba mayai, anavunja vyombo. Tukamfunga kamba. Tukamrudisha msituni, tumbili wenzake wakamfukuza na kumjeruhi, akarudi mwenyewe. Hakuna aliyemtaka, sisi hatukumtaka, wa porini hawakumtaka. Mwisho wake siusemi hapa.

Kwa hiyo mimi kituo nakikubali, ila waje wachukue hawa wangu.

Mlezi

Kaka Mkulima, pole. Nimewahi kufanya kazi kwenye makazi ya yatima wa jamii ya nyani na sokwe, nje ya nchi. Uliyoyasema ndiyo tuliyokuwa tunapokea kila mwezi, kamba shingoni na yote.

Niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe maana watu wanaizungumza kama ni kumpa mtoto chupa. Mtoto wa tumbili akizaliwa hafiki nusu kilo. Wiki za kwanza anakula kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, maziwa ya kopo ya watoto wa binadamu, matone machache tu. Humlazi chali kama mtoto wako, maziwa yataingia mapafuni. Analala kifudifudi juu ya taulo lililoviringishwa, amelishika, kichwa juu kidogo. Chupa ya maji ya moto imefungwa kitambaa pembeni. Mizani kila asubuhi, gramu zinaandikwa, zikishuka siku mbili mfululizo unaanza kuogopa. Na barakoa muda wote, kwa sababu kifua kikuu na mafua yetu yanawaua, na wao wana ya kwao: makaki hubeba virusi vya jamii ya herpes ambavyo kwao ni kidonda kidogo tu mdomoni na kwa binadamu vinaweza kuua.

Ukifanya yote hayo sawasawa, bado umeshindwa nusu. Ukimlea peke yake anaharibika akili. Ukiwaweka wadogo watupu pamoja, wanakumbatiana kutwa kama mnyororo, hawachezi. Dawa yake ni jike mzima wa kumpokea, mapema iwezekanavyo. Jike akikubali, unakaa pembeni na chupa yako, huna kazi, na hiyo ndiyo siku nzuri.

Vituo vikubwa vya utafiti vinajua haya yote. Wanaoendelea kulea kwa chupa wana sababu, mara nyingine ya haki: mama kamkataa mtoto, mama kafa, au wanataka kundi lisilo na virusi fulani. Mimi sababu ya tatu ndiyo inanikwaza, maana pale mama yupo mzima na maziwa anayo.

Mama Tatu

Iko hadithi katika Sunan Abu Dawud. Masahaba walikuwa safarini, wakachukua makinda wawili wa ndege, mama yao akaja anapiga mbawa. Mtume (s.a.w.) akauliza, ni nani aliyemsumbua huyu kwa ajili ya watoto wake? Mrudishieni. Hakuuliza walikuwa wanawapeleka wapi.

Kijana wa Korogwe

Shikamoo mama. Sibishani na hadithi. Lakini mama, tukiifuata hivyo basi hata kuku wa kisasa tunaokula vifaranga wake hawajawahi kumwona mama. Mbona hapo hatuulizani?

Mama Tatu

Marahaba. Tuulizane na hapo pia.

Wakili wa Mtaa

Kwa upande wa sheria, tusizungumze kama vile nchi haina mwenyewe. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Mtafiti wa wanyamapori anapitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Huwezi kuchukua tumbili msitu wa Amani ukamweka kwenye tenga. Na mnakumbuka 2016, tumbili 61 walikamatwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro wakiwa tayari kusafirishwa nje, mwaka huo huo Serikali ikafungia usafirishaji wa wanyamapori hai. Sheria ipo. Ukaguzi wa siku hata siku, baada ya kibali kutoka, hapo ndipo mimi nina mashaka.

Babu wa Raskazoni

Wakili umenigusa palipo na kidonda changu. Nataka niwape kisa cha Liberia, kwa sababu ni Afrika na si zamani.

Kituo cha damu cha New York kilianza kuwatumia sokwe kule Liberia miaka ya 1970, kwa utafiti wa homa ya ini. Chanjo tunayochanjwa leo ilinufaika na kazi ya aina hiyo, Kijana, nakupa haki yako. Kazi ilipokwisha sokwe waliwekwa kwenye visiwa vidogo mtoni, visiwa visivyo na chakula cha kuwatosha wala maji ya kunywa ya uhakika. Kila kitu lazima kipelekwe kwa mashua. Mwaka 2015 kituo kikakata fedha. Sokwe zaidi ya 60. Ebola ilikuwa imetoka kuwachakaza Waliberia, na waliobaki wanawapelekea chakula ni walezi wenyeji, watu wa kipato kama changu. Mashirika ya kutetea wanyama yakaingia, kelele zikapigwa, mpaka 2017 ndipo kituo kikakubali kutoa dola milioni 6.

Sokwe wale walikuwa wanazoea sauti ya mashua. Wanajua mtu fulani ndiye wa ndizi. Mtu huyo hakusaini mkataba wowote na New York wa kuwalisha maisha yao yote, ila ndiye aliyekuwa nao. Mimi nimekuwa mtu huyo, kwa sungura. Mradi ukifungwa, bosi anapanda ndege, wewe unabaki na funguo za banda na swali la chakula cha Jumatatu.

Nesi Mstaafu

Na kuna jambo jipya zaidi. 2022 mtafiti wa Harvard, Margaret Livingstone, alichapisha habari za majike makaki waliopoteza watoto wao, wakapewa midoli, wakaikumbatia. Wanasayansi zaidi ya 250 waliandika barua wakitaka makala iondolewe. Yeye alijitetea kwamba ilikuwa njia ya kupunguza huzuni ya jike. Kwa hiyo picha ya babu si ya makumbusho.

Kijana wa Korogwe

Sawa, nakubali kutenga ili kuona maumivu hakuna maana tena. Na nitawasaidia hoja: seli zinazoitwa Vero zilitoka kwenye figo ya tumbili wa Afrika 1962 huko Chiba, Japani, zimezalishwa mpaka leo, na ndizo zinazotengenezea chanjo ya kichaa cha mbwa tunayochomwa. Tumbili mmoja, miaka sitini. Tukiweza hivyo kila mahali ningekuwa upande wenu jana.

Lakini swali langu la makaki wachanga na VVU hamjalijibu, mmelizunguka. Wakati ule hakukuwa na seli kwenye chupa ya kuonyesha kama dawa inafika kwa mtoto na haimharibu mifupa. Ingekuwa wewe babu ndiye mwenye kibali 1995, ungesema hapana?

Babu wa Raskazoni

Ningesema ndiyo. Kwa masharti. Fedha za kuwatunza maisha yao yote ziwekwe benki kabla mtoto wa kwanza hajaguswa, jina la mlezi liandikwe kwenye kibali kama la mtafiti linavyoandikwa, na majike wa kupokea wawepo bandani.

Kijana wa Korogwe

Kwa masharti hayo hakuna mfadhili atakayekuja Tanga, babu. Ataenda nchi nyingine.

Babu wa Raskazoni

Na aende. Mdigo aliuliza ajira ngapi, nimjibu: kwa mabanda niliyoyajua, wawili watatu, na mkataba wa mwaka mmoja mmoja.

Mkulima wa Muheza

Na wangu wa kwenye mahindi mmefikia wapi?