Namoratunga ni makaburi, si studio yenu ya picha!

Wanajamvi, leo mnivumilie, nina hasira nusu nipasuke.

Jumamosi nilikuwa natoka Kalokol narudi Lodwar, huku Turkana. Kufika Namoratunga, kwenye zile nguzo za mawe za kale kando ya barabara, nikamwambia wa boda asimame niweke kijiwe changu juu ya nguzo, kama tulivyozoea tangu utotoni. Nakuta gari mbili za watalii zimeegeshwa karibu ziguse mawe. Dada mmoja kajikalia juu ya nguzo iliyoinama, anarembua, mwenzake anampiga picha. Vijiwe vilivyowekwa na wapita njia wamevipangusa chini ili apate pa kukalia! Pembeni jamaa kashika ufunguo wa gari anakwaruza jiwe: herufi mbili, moyo katikati. Unga mweupe bado uko pale.

Nikauliza kwa upole. Aliyewaleta, tena Mkenya mwenzetu, akanijibu: "Bosi, tulia, hizi ni mawe tu."

Mawe tu? Wazee wetu wanasema walikuwa watu wakicheza ngoma, wakageuka mawe, na jina lenyewe maana yake ndiyo hiyo: watu wa mawe. Na hata kama hadithi za wazee huziamini, waliochimba Lothagam, nguzo za jamii hiyohiyo huku Turkana, walikadiria watu wasiopungua 580 wamelazwa chini ya jukwaa moja. Wafugaji wa kwanza wa huku, miaka 5,000 hivi iliyopita. Wazee, kina mama, watoto wachanga, na karibu kila mmoja kazikwa na mapambo yake. Kuna aliyezikwa na mamia ya meno ya panya wa jangwani. Sasa wewe na miwani yako ya jua unaniambia mawe tu. Kwenye kaburi la nyanyako ungekalia?

Halafu huyo aliyewaleta bado anawalisha wageni ile habari kwamba nguzo hizi ni kalenda ya nyota ya mwaka 300 kabla ya Kristo. Hiyo ni nadharia ya 1978, bwana! Vipimo vya baadaye vimeonyesha nguzo hizi ni za kale zaidi, kwa miaka elfu mbili na ushee.

Sheria ya Makumbusho na Urithi ipo tangu 2006. Mlinzi siku hiyo sikumwona. Jumatatu nikapigia ofisi moja inayohusika, nikaambiwa "andika barua". Barua!

Namba za gari zote mbili ninazo, na picha ya huo moyo. Nani hapa anajua nizipeleke wapi zisiishie kwenye faili?