Ushauri: Wateja wa banda wananiuliza Cena alirudishiwa roho lini. Nijibu nini?

Mtafsiri Sombetini

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie.

Nina banda la video hapa Sombetini, Arusha. Siku za mpira sina shida, banda linajaa lenyewe. Jumamosi ikikosa mechi ya maana naweka mieleka, kiingilio jero, na mimi mwenyewe nashika maiki natafsiri. Sitafsiri neno kwa neno. Mle ndani kuna machalii wa bodaboda, kuna mafundi, kuna mama mmoja muuza mihogo ambaye hakosi. Wanachotaka kujua ni nani mbaya, kamkosea nani, na leo atalipwaje. Kazi hiyo nimeifanya mwaka wa sita huu na sijawahi kuzomewa, mpaka alipokuja John Cena, mwanamieleka maarufu wa WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani.

Wanaofuatilia wanakumbuka Machi 2025 kule Toronto. The Rock, mwanamieleka wa zamani aliyegeuka mwigizaji wa sinema, alikuwa anamtaka bingwa Cody Rhodes ampe roho yake. Cody akagoma. Cena, mtu mwema wa miaka zaidi ya 20, akamkumbatia Cody kama ndugu, halafu kwa ishara ya The Rock akamtandika kwenye nyeti na kumpiga hadi damu ikamtoka. Banda lilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama tumekamata mwizi. Mimi kwenye maiki nikasema, "Cena ameuza roho!" Siku ile nilijiona mtafsiri kweli kweli.

Aprili 20, Las Vegas, Cena akamvua Cody mkanda. Ubingwa wa 17, akampita Ric Flair mwenye 16. Watu wakawa wanasubiri The Rock, mnunuzi wa roho, aje kuchukua mzigo wake. Hakuja. Mei hakuja, Juni hakuja. Cena mwenyewe alipoeleza sababu akasema mashabiki ndio waliomtesa miaka yote. Sawa, nikatafsiri, ingawa hayo na roho vinahusiana wapi sijui. Halafu mwanzoni mwa Agosti, onyesho kubwa la SummerSlam likiwa mlangoni, akaingia ulingoni, akaongea jioni moja, akawa mwema tena. Kazinduka, basi.

Chalii mmoja wa bodaboda akanyoosha mkono kama yuko darasani: "Mtafsiri, samahani. Ile roho alirudishiwa lini?"

Nikakosa jibu. Maiki iko mkononi, nimenyamaza. Mwingine nyuma akadakia, "Au alikuwa ameiweka dhamana?" Banda zima likaangua kicheko, na mmoja akadai jero yake. Tangu hapo imekuwa wimbo. Hata Desemba 13 Cena alipoagwa kule Washington, mtu aliyehubiri "usikate tamaa" maisha yake yote akaminywa shingo na Gunther, akatabasamu, akagonga kukubali kushindwa, wao wakauliza: "Hapo ni roho ipi imegonga?"

Ushauri ninaotaka ni huu. Mwandishi wa kule akiacha shimo, mimi wa huku nilijaze? Nikibuni sababu yangu watu wataelewa hadithi, ila nitakuwa nimewadanganya. Nisipobuni naonekana sijui kazi. Nawasilisha.

Mkaanga Chipsi

Mkuu, mieleka ya TV ni maigizo. Waambie hivyo, wakanunue chipsi.

Mtafsiri Sombetini

Wanajua ni maigizo tangu wakiwa wadogo. Wanacholalamikia ni kwamba yameigizwa vibaya.

Bibi Ulingo

Buni! Tena buni bila kupepesa macho. Sisi tumekulia mabandani ambako mtafsiri alimpa Mchina wa karate shemeji anayekaa Mto wa Mbu, na tulilipa kesho yake tena kumjua huyo shemeji kaishia wapi. Kwenye banda mtunzi ni mwenye maiki. Ungemwambia yule chalii roho ilirudishwa kwa sababu The Rock hakumalizia malipo. Yangeisha.

Wakili wa Kijiweni

Kabla ya roho ya Cena, kibali cha Bodi ya Filamu kipo? Na COSOTA, wale wa hakimiliki, je?

Mtafsiri Sombetini

Wakili, hilo tuongee faragha.

Fundi Dishi

Nitetee waandishi kidogo, ingawa hawastahili sana. Mpira una msimu na mapumziko, tamthilia ina mwisho. Mieleka haina. Kipindi cha Raw kilirefushwa hadi muda wa saa tatu nzima kila Jumatatu kuanzia Julai 2012, na pembeni yake kuna kipindi kingine, SmackDown, mwaka mzima, hakuna likizo. Mtu akiumia goti, hadithi yake inakatika palepale na mwingine anaazimwa kuimalizia.

Kwa Cena kuna na lingine. Alitangaza tangu Julai 2024 kwamba 2025 ndiyo mwaka wake wa mwisho, kwa hiyo usiku wake ulingoni ulikuwa wa kuhesabu. Kumgeuza mtu wa aina ile kuwa adui kunataka muda, na kumrudisha kunataka muda mara mbili. Wao walitumia miezi 5 kwa vyote viwili. Halafu aliyenunua roho, The Rock, tangu Januari 2024 ni mjumbe wa bodi ya TKO, kampuni mama ya WWE. Nani atampigia mjumbe wa bodi simu amwambie njoo umalizie hadithi?

Mkaanga Chipsi

Kumbe roho iko kwenye mali za kampuni.

Mzee wa Mikanda

Kijana wa Sombetini, mimi nilikuwa na banda Majengo, Moshi, enzi za VHS. Nikwambie kitu nilichokiona kwa macho yangu.

Nilipata mkanda wa WrestleMania 13, lile onyesho kubwa la mieleka la Machi 1997, karibu mwaka mzima baada ya pambano lenyewe. Bret Hart anakutana na Steve Austin. Bret ndiye steringi, Austin ndiye adui, banda zima linajua. Lakini ukitazama vipindi vya kabla yake, Bret ameanza kulalamika. Kila akishindwa kadhulumiwa, kila mtu ana njama naye. Watu wanaanza kumchoka bila kujijua. Siku ya pambano, Bret anamfunga Austin miguu ule mkao wake wa kuvunja mgongo. Austin damu inamfunika uso, meno yamebana, anagoma kukubali. Anagoma mpaka anazimia. Refa anamaliza pambano. Na Bret, badala ya kushangilia, anarudi kumpiga mtu aliyezimia.

Mimi nilikuwa na maiki. Nikaizima. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mzee mmoja aliyekuwa shabiki wa Bret kufa kupona akasema taratibu, "Huyu sasa si mtu." Austin akaamka, akakataa kushikwa mkono, akatoka mwenyewe anachechemea, na banda langu la Majengo likampigia makofi mtu waliyekuwa wanamtukana saa moja kabla. Wawili wamebadilishana nafasi ndani ya pambano moja na hakuna aliyeuza roho.

Kwa hiyo jibu langu. Kuongeza chumvi ni haki ya mtafsiri, lakini chumvi inatiwa kwenye mboga. Wewe unataka kuitia kwenye sufuria tupu. Pale wasipoonyesha sababu, sema hawajaonyesha.

Mtafsiri Sombetini

Shikamoo mzee. Hapo kwenye kuzima maiki umenigusa.

Madam Fasihi

Naingilia kama mwalimu wa Kiswahili, mnisamehe. Kidato cha tatu tunafundisha mhusika bapa na mhusika duara. Bapa habadiliki, duara hubadilika kadiri mambo yanavyompata. Wengi hudhani bapa ni udhaifu. Si kweli. Undertaker aliingia Novemba 1990 akiwa mfu anayetembea, na hakuna hata mwanafunzi wangu mmoja aliyewahi kuuliza kwa nini mfu anapigana mieleka. Bapa akichorwa vizuri anatosha. Tatizo ni duara bandia: mtu anageuzwa lakini hakuna kilichompata.

Mfano wa duara halisi uko hukohuko WWE. Roman Reigns walimlazimisha awe mpendwa wa watu kwa miaka. Januari 2015 kule Philadelphia alishinda Royal Rumble, pambano la watu 30, The Rock mwenyewe akamnyanyua mkono, na ukumbi ukaendelea kuzomea. Sababu ni kwamba tuliambiwa ni shujaa, hatukuonyeshwa. Agosti 2020 akarudi, akamweka Paul Heyman pembeni yake kama msemaji wake, na hadithi ikawa moja tu: ukoo. Anataka ndugu zake wamtambue kuwa mkubwa. Oktoba akampiga ndugu yake Jey Uso, Jey akagoma kusema nimeshindwa, basi akamgeukia Jimmy, pacha wa Jey aliyekuwa mgonjwa wa goti, akamkaba koo mpaka Jey akasema kwa kumwokoa ndugu yake. Kila kilichofuata, hata Sami Zayn, rafiki aliyekaribishwa kwenye ukoo, kumpiga kiti mgongoni Januari 2023, kilitoka kwenye mbegu ile. Alikaa na ubingwa siku 1,316, mpaka Aprili 2024 Cody alipomvua, na ukimuuliza mtu kwa nini Roman alianguka atakwambia: alimaliza ndugu.

Mzee wa Mikanda

Madam umesema. Huku Moshi hatukuhangaika kutafsiri lile jina la Roman la "Tribal Chief", tulimwita Mangi tu, chifu wa Kichaga. Nani hapa Kilimanjaro hamjui kaka mkubwa aliyekalia kiti cha baba, anataka wadogo zake wamwombe ruhusa hata ya kukata mkungu wa ndizi kihambani?

Ila kuhusu Undertaker, mwaka 2000 alirudi anaendesha pikipiki. Wateja wangu wakasema mfu kapata mkopo wa bodaboda.

Madam Fasihi

😂😂 Hiyo mzee sina utetezi.

Chalii wa Ngarenaro

Mnamsahau Kofi Kingston, naye wa WWE. Mzaliwa wa Ghana, wao 2008 wakamleta kama Mjamaika, lafudhi na kila kitu. Baadaye Ujamaika ukaisha kimyakimya, hakuna aliyeambiwa pasipoti imebadilika lini. Sawa tukasamehe. Aprili 2019 akatwaa ubingwa wa WWE, kijiweni kwetu watu walilia machozi, Mwafrika kabeba mkanda. Oktoba 4 mwaka huohuo akapambanishwa na Brock Lesnar, akashindwa ndani ya sekunde chache tu, hata maji sijafungua. Hiyo nayo mieleka, mtu anashindwa. Kinachoniuma ni wiki zilizofuata: amerudi na wenzake wa kundi la New Day anacheza, anacheka, wanarusha chapati za maji kama kawaida yao. Umeporwa shamba halafu kesho unacheza na kucheka? Hasira iko wapi? Marudiano ya mkanda hakupewa, na mbaya zaidi hatukumwona akiyadai.

Fundi Dishi

Huo ndio ugonjwa wenyewe. Mhusika anatakiwa asahau kwa sababu mwandishi amesahau.

Bibi Ulingo

Nyie wasomi mnapendeza, lakini mwenzenu anadaiwa jero. Mpeni cha kusema Jumamosi.

Madam Fasihi

Haya. Usibuni tukio ambalo halikutokea, maana wiki ijayo litakupinga kwenye kioo na utaaibika zaidi. Lakini kumbusha. Mtafsiri ana kumbukumbu ambayo waandishi hawana. Mtu akiingia ulingoni, sema amekuja na deni gani: "Huyu Machi alimpiga yule, bado hajaomba radhi." Wasipolilipa hilo deni, wateja wataona wenyewe kosa liko wapi, na haliko kwako. Jingine, waulize wao.

Mtafsiri Sombetini

Mrejesho wakuu. Jumamosi iliyopita hakukuwa na mpira, nikarudia Cena mwanzo mwisho, kuanzia Toronto hadi Washington. Nilifanya kama Madam alivyosema, nataja deni kila anapoingia. Ilipofika Agosti nikasimamisha picha, nikazima maiki, nikasema: haya, mnaoniuliza kila wiki, leo jibuni nyie. Roho ilirudi lini?

Vurugu. Machalii wawili nusura washikane. Mmoja anasema The Rock alikuwa tapeli tangu mwanzo, mwingine anasema Cena alipigwa dawa. Ndipo mama wa mihogo, ambaye miaka yote sijawahi kumsikia akiongea zaidi ya kudai chenji, akasema: "Huyo hakuwa mbaya. Alikuwa anastaafu. Alitaka mkanda wa 17 kabla hajaondoka, kaupata kwa njia ya aibu, aibu ikamshinda. Mbona wanaume wengi wako hivyo wakikaribia kustaafu?"

Kimya. Halafu yule wa bodaboda akasema, "Mama, njoo ushike maiki wewe."

Madam Fasihi

Niletee huyo mama. Nina mikondo minne ya kidato cha tatu.

Fundi Dishi

Na ukiangalia, hakuna alichobuni. Vyote vimo kwenye picha. Waandishi walikuwa navyo wakashindwa kuvipanga.

Bibi Ulingo

Mimi bado nasema The Rock hakumalizia malipo.

Mtafsiri Sombetini

Jero zote zimebaki kwangu 🙏🏾. Sasa Mzee wa Mikanda, wateja wamesikia habari za Bret na Austin, wanaitaka. Ule mkanda bado unao? Unaweza kuupakia kwenye Coaster, nitaupokea stendi.

Mzee wa Mikanda

Ninao, kabatini, na jina nimeandika kwa mkono wangu. Ila ni VHS. Deki unayo?

Mtafsiri Sombetini

Ipo moja kwa fundi Mbauda. Inafanya kazi, ila mara mojamoja inakula mkanda.

Mzee wa Mikanda

Basi Bret Hart wangu hatoki Majengo. Panda Coaster uje na wateja wako, utazamie hapa. Na yule mama asikose.