Kasse inanisukuma nirudi kazini, kidonda bado: Krankengeld baada ya OP

Zuhura, Dortmund
Shikamooni dada zangu. Mimi ni mwanamke trans, nilizaliwa na mwili wa kiume; nimefanyiwa OP (upasuaji) ya kuundiwa uke mwezi uliopita, na wiki sita za mwajiri kulipa mshahara ndiyo zinaisha, naingia Krankengeld (malipo ya bima ukiumwa muda mrefu). Jana kanipigia binti wa Kasse (bima ya afya), ananiuliza mbona bado niko kwenye AU (cheti cha daktari cha kutokwenda kazini) wakati kidonda cha upasuaji hupona mapema. Leo imekuja barua yenye fomu: naumwa nini, naweza kazi gani, narudi lini. Jamani, mimi ni mhudumu wa wazee, kazi yangu ni kuinua watu vitandani. Sasa hivi hata nikiinua ndoo nahisi nyuzi zinavutwa. Dileta, kile kifaa cha kuzuia uke mpya usizibe, ni mara tatu kwa siku, na ukihesabu kujiandaa na kuosha, kila mara inakula karibu saa nzima.

Fomu hii najaza mwenyewe au nampa daktari? Nikiacha wazi swali la ugonjwa, wanaweza kunikatia hela?

Neema, Hamburg
Pole sana mdogo wangu. Kwanza, AU isiwe na pengo. Ikiisha Ijumaa, Jumatatu uwe kwa daktari, maana mpya lazima itolewe siku ya kazi inayofuata. Mwajiri haoni unaumwa nini, Kasse ndiyo inaona. Hela ni asilimia 70 ya mshahara ghafi, ila haizidi asilimia 90 ya unayopokea mkononi, na kwa ugonjwa uleule ni hadi wiki 78 ndani ya miaka mitatu. Kwa hiyo asikutishe mtu. Mimi faili langu walilituma kwa MDK, wale madaktari wanaoikagulia bima wagonjwa, yule daktari akasoma ripoti ya hospitali tu, hakuniita hata kuniona, na Kasse ikanyamaza.

Simu si Bescheid (uamuzi rasmi wa maandishi). Akipiga tena, mwambie aandike. Ukipata Bescheid ya kukataa una mwezi mmoja wa Widerspruch (pingamizi). Kama barua haina maelezo ya jinsi ya kupinga, muda ni mwaka mzima.

Baraka, Berlin
Neema, MDK haipo siku hizi, ni MD (Medizinischer Dienst). Tusiwape watu majina ya zamani, wataandika barua zirudi.

Neema, Hamburg
Baraka, hakuna barua iliyorudi kwa sababu ya herufi K. Mtu ana kidonda hapa.

Furaha, Bruxelles
Mie huku mutuelle (bima) yangu haikuuliza kitu. Daktari-mshauri aliniona mara moja, basi. Mwambie Kasse waongee na chirurgien (daktari mpasuaji) wako.

Baraka, Berlin
Dada Furaha, hiyo ni Ubelgiji. Sheria za huku ni nyingine kabisa, utampoteza.

Shani, Leipzig
Zuhura, acha nikuambie ambayo mimi sikuambiwa na mtu, maana picha za mtandaoni huonyesha mwanzo na mwisho, za katikati hakuna anayeweka. Wiki za mwanzo kunavimba, shavu moja la uke linakuwa kubwa kuliko jingine, rangi ya zambarau. Nilijitazama kwa kioo nikalia nusu ya usiku, nikidhani ndiyo imekwisha hivyo. Sivyo. Sura yenyewe inakaa sawa baada ya miezi sita, wengine mpaka mwaka. Na hospitali nyingi huku hufanya OP ya pili miezi kadhaa baadaye, ya kurekebisha mashavu na kisimi. Usijihukumu kabla ya hapo. Mkojo utaruka pembeni hadi uvimbe ushuke. Hisia hurudi kwa vishtuo kama umeme mdogo, mara inawasha, mara ganzi. Neva hazina haraka.

Majimaji ya njano yenye damu kidogo ni kawaida. Ukiona matone ya damu wakati wa dileta bila maumivu makali, huenda ni nyama nyekundu zilizoota ndani. Daktari wa wanawake anazigusa na nitrati ya fedha, inawaka kidogo, basi. Lakini homa, pedi kulowa damu chapa, mkojo kugoma kabisa, au hewa na choo kupitia ukeni: hospitali usiku huohuo, usingoje miadi.

Na nunua mto wa duara wenye tundu, utakaa vizuri.

Neema, Hamburg
Mimi hospitali yangu iliukataza huo mto, wakasema unavuta nyuzi za katikati. Fuata karatasi ya hospitali yako. Hata ratiba ya dileta, kila daktari ana yake.

Shani, Leipzig
Ndiyo, yako iliukataza, yangu ilinipa. Wala sikusema atupe karatasi yake.

Mama Tuma, Köln
Wanangu msigombane. Zuhura, mimi nakufikiria chakula chako. Kwetu Lamu mwanamke akitoka kitandani na kidonda cha huko chini, arobaini yake ni ya watu. Uji wa pilipili manga asubuhi, supu ya kuku wa kienyeji jioni, shangazi anakukanda na maji ya moto, usiguse hata ufagio. Huku unashuka ngazi mwenyewe kufuata maziwa. Mimi nilipofanyiwa yangu, kilichoniuma kuliko kidonda ni kwamba mamangu hakujua, na hata leo sijui angekuja au asingekuja. Nani yuko na wewe hapo nyumbani?

Neema, Hamburg
Mama, shikamoo. Supu na uji sawa kabisa. Ila kukandwa, la! Ngozi ile imepandikizwa, bado haina hisia kamili, maji ya moto yataiunguza bila yeye kujua. Oga kwa maji ya vuguvugu, kausha kwa kugusagusa.

Mama Tuma, Köln
Marahaba. Sijasema akandwe. Nimesema kwetu ilikuwa hivyo.

Zuhura, Dortmund
Mama, niko na jirani Mghana ananiletea mkate, Mungu ambariki. Supu siku nyingi sijaionja. Fomu wanaitaka Ijumaa.

Baraka, Berlin
Kinachonikera ni hiki: Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zimetia saini mkataba wa wafanyakazi, wanatuhitaji tuinue wazee wao. Mgongo ukiuma au mwili ukitaka muda wake, tunaulizwa lini tunarudi. Na kule nyumbani viongozi wanapiga picha na hati, ilhali mwenzetu Audrey Mbugua, naye trans, alilazimika kwenda Mahakama Kuu mpaka 2014 ndipo baraza la mitihani likaamriwa kubadilisha jina kwenye cheti.

Furaha, Bruxelles
Kweli. Na Uganda sheria ya 2023 dhidi ya ushoga imewafukuza wangapi hadi huku!

Shani, Leipzig
Kuhusu majina: aliyefanya SBGG (sheria ya Ujerumani ya kubadili jina na jinsia kwenye hati) akiwa na pasipoti ya Kenya, kadi ya ukaazi mlipewa kwa jina gani? Nilitangaza nia Standesamt (ofisi ya usajili), nikangoja ile miezi mitatu, nikasaini, cheti ninacho. Ofisi ya wageni wananiambia kadi inafuata pasipoti. Kwa hiyo Kasse ina jina jipya, benki jipya, kadi la zamani, na kila nikichukua dawa dirishani naanza kujieleza mbele ya foleni.

Neema, Hamburg
Yangu wameandika la pasipoti, na cheti cha Standesamt nakibeba pamoja nayo. Anzisha mada mpya Shani, hii ni ndefu.