Makarani wanaingia kwenye seva usiku, nawawekeaje saa?

karani_njoro:
Wadau, salamu. Nasimamia kompyuta za ushirika wa maziwa huku Njoro. Kumbukumbu za kilo za wakulima ziko kwenye seva ya Ubuntu, na makarani watatu huingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) wakiwa kwenye vituo vya kupokelea. Juzi nimepitia `last`, amri inayoorodhesha walioingia, nikakuta akaunti mbili zimeingia saa sita usiku. Kulipokucha, kilo za mama mmoja zilikuwa zimepungua. Mtu anaamka saa kumi alfajiri kukama, halafu jasho lake linafutwa amelala? Sikubali. Nataka waingie saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na mbili jioni, basi. Nifanyeje?

fundi_kakamega:
Pole mkubwa. Tumia pam_time, sehemu ya mfumo wa PAM (unaokagua wanaoingia) inayozuia kuingia kwa saa. Kwenye `/etc/pam.d/sshd` ongeza:

`account required pam_time.so`

Kisha kwenye `/etc/security/time.conf`:

`sshd;*;karani1|karani2|karani3;Al0500-1800`

`Al` ni siku zote. Usiweke `Wk`, hiyo inaishia Ijumaa na ng'ombe hukamwa hata Jumapili. Asiyetajwa hapo haguswi, kwa hiyo root (akaunti ya msimamizi mkuu) na mhasibu wataingia kama kawaida. Anayetumia ufunguo wa SSH badala ya nywila naye atazuiwa, mradi `UsePAM yes` iwe kwenye `sshd_config`. Unapojaribu, acha dirisha moja la root wazi, usije ukajifungia nje.

nyar_kisumu:
Fundi amesema kweli, ila pam_time hukagua mlangoni tu. Aliyeingia jioni akaacha terminali wazi atakesha humo humo. Weka kwenye cron ya root (ratiba ya amri zinazojiendesha), kwa kila karani, amri ya kumtoa:

`5 18 * * * loginctl terminate-user karani1`

Na saa kumi na mbili kasorobo watumie onyo kwa `wall`, amri ya kutuma ujumbe kwa wote walio ndani, maana kazi ambayo haijahifadhiwa itapotea.

mzee_wa_seva:
Mwanangu, kwanza andika `timedatectl` uone seva inafuata saa za wapi. Seva nyingi huachwa kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Kenya kwa saa tatu. Ikiwa hivyo, 0500 yako ni saa mbili asubuhi ya Kenya: maziwa yamefika, foleni ya wakulima imejaa, na karani amefungiwa nje. Rekebisha:

`timedatectl set-timezone Africa/Nairobi`

Halafu badilisha nywila zote leo. Huenda aliyeingia usiku si karani mwenyewe.

karani_njoro:
Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Ilikuwa UTC kweli! Nimerekebisha, na karani1 amejaribu jioni hii akakataliwa. Swali moja: mwisho wa mwezi tukifunga hesabu za malipo wanahitaji hadi saa tatu usiku. Naweza kuandika tarehe humo?

fundi_kakamega:
Hapana, inajua siku za wiki tu, si tarehe. Siku hiyo badilisha 1800 iwe 2100, usogeze na ile cron. Kesho yake rudisha mapema, kabla hawajaondoka vituoni.