Sanduku la Bati

Kikundi: Ukoo wa Mikindani

JUMATANO

Mwanahawa, 1:12 asubuhi
Assalaam alaikum ndugu zangu. Jana nimelifungua sanduku la bati la marehemu Babu. Mchwa wameshaingia. Vile vijitabu vya chama cha ukoo vya mwaka 1987 vimeliwa pembe, na ramani kubwa ina tundu la kupita kidole. Naomba tuskani kila karatasi tuweke intaneti, watoto wetu walioko Dar, Mombasa na Muscat wasome asili yao. Jibu nalitaka kabla ya Ijumaa.

Mwanahawa, 1:15 asubuhi
[Picha 4]

Mwanahawa, 4:40 asubuhi
Naona mmesoma. Hajajibu mtu.

Salumu, 4:52 asubuhi
👍

Mwanahawa, 4:53 asubuhi
Salumu mwanangu, dole si jibu. Wewe ndiye mwenye mashine dukani.

Salumu, 5:10 asubuhi
Samahani shangazi. Nakubali. Ila tafadhali asizibandike mtu selotepu wala asizilamineti, gundi inakula karatasi na haitoki tena. Vijitabu nitaskani nukta 300 kwa inchi, ramani 600 kwa sababu maandishi yake ni madogo. Ramani haiingii kwenye mashine, itabidi tuilaze chini ya kioo tupige picha kivulini, bila mwanga wa kamera.

Hassani, 5:31 asubuhi
Mie picha ya pili nilijua ni mizizi ya ming'oko imemenywa, nimefungua mbio 😂

Mama Tatu, 5:33 asubuhi
Ya mwaka huu mitamu hiyo. Sokoni fungu bei gani?

Hassani, 5:34 asubuhi
Njoo na kapu tu mama.

Mwanahawa, 5:50 asubuhi
Jamani. Ming'oko ipo kila siku. Hii ramani ni moja tu.

Mwanahawa, 6:08 mchana
Hebu kuzeni picha ya tatu. Babu alikuwa karani bandarini, mkono wake mnaujua. Pembeni kaandika 1958. Reli ya Nachingwea kaichora inatoka bandarini Mtwara, imejaa meno kama chanuo. Hiyo reli ya mradi wa karanga ilishang'olewa, wengi wenu hamjaiona hata tuta lake. Boma la Wajerumani kalichora. Halafu nyuma ya minazi kuna kiduara chekundu, kaandika "maji matamu, wanawake asubuhi". Kile kisima mama zetu walikuwa wakiamkia kabla ya alfajiri. Na vile vitongoji sita vya juu watu walihamishwa kwenye Operesheni ya Vijiji, leo hata jina huwezi kumuuliza mtu. Babu kayaandika yote sita.

Mwanahawa, 6:11 mchana
Carl Velten, Mjerumani, alichapa habari za Lindi, Sudi na Mikindani mwaka 1907. Ramani za Wajerumani za kipimo cha 1:300,000 mtu aliyeko Ulaya anazifungua kwa simu. Wageni wanaletwa Mikindani kuambiwa Livingstone aliondokea hapa mwaka 1866. Sawa. Kisima chetu nani atamwonyesha mtu? Kipo ndani ya sanduku na mchwa.

Issa Dodoma, 9:20 alasiri
Nimetoka kikaoni. Dada Mwanahawa wazo zuri sana, ila twende na sheria. Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Babu alifariki 1991, kwa hiyo haki iko kwa warithi mpaka 2041. Warithi wote waridhie, kwa maandishi. Pili, walio hai wasiwekwe na tarehe zao za kuzaliwa, kuna sheria ya taarifa binafsi ya 2022.

Mwanahawa, 9:22 alasiri
Walio hai tutawafunika. Warithi si ndio hawa humu? Andikeni basi NARIDHIA.

Salumu, 9:25 alasiri
Naridhia

Mama Tatu, 9:41 alasiri
Naridhia. Na zile hela za kuchapa toleo la pili tulizochanga msimu wa korosho?

Hassani, 9:42 alasiri
Zililiwa na mchwa walewale 😂😂

ALHAMISI

Dada Zainabu Lindi, 12:05 asubuhi
Nimesoma yote usiku. Mwanahawa, leo sanduku limekuwa la ukoo? Baada ya arobaini ya Babu tulikuja na marehemu baba yangu, tukaambiwa ufunguo umepotea. Tukarudi Lindi mikono mitupu. Baba kafa hajaiona hiyo ramani.

Mwanahawa, 12:30 asubuhi
Dada yangu, wakati ule nilikuwa mtoto. Aliyeliweka ni mama, Mungu amrehemu. Sina la kumtetea na sitaki kumsema. Ndiyo maana nataka leo lifunguliwe mbele ya wote.

Dada Zainabu Lindi, 12:34 asubuhi
Na ukurasa wa tisa nao utauweka?

Salumu, 1:02 asubuhi
Ukurasa wa tisa una nini?

Hassani, 1:03 asubuhi
Ujumbe huu umefutwa

Mama Tatu, 1:10 asubuhi
Salumu baba, fungua duka lako.

Mwanahawa, 1:15 asubuhi
Salumu umeuliza kweli, nitakujibu. Kijitabu kimeandika baba tu, kutoka baba hadi baba, wakati sisi huku bara yetu yote ukoo ulihesabiwa kwa mama. Wanawake wote ni "na mke". Tukifika ukurasa wa tisa, kwenye upande wa akina Dada Zainabu, kuna neno moja la utumwa limeandikwa badala ya jina la mtu. Nalijua tangu nasoma darasa la tano. Sijawahi kulisoma kwa sauti.

Dada Zainabu Lindi, 1:20 asubuhi
Harusini kwangu lilisomwa kwa sauti.

(Hakuna aliyeandika mpaka adhuhuri.)

Fatu, 7:48 mchana
Shikamooni. Bibi Somoe ameomba nimsomee yote. Ametuma sauti lakini upepo wa bahari unaingia, kasema niandike kama alivyotamka, nisipunguze:

"Wajukuu zangu. Aliyemwandika ukurasa wa tisa ni kaka yangu, na nilimpenda. Lakini huyo mwanamke ndiye aliyemzaa mama yetu. Mama yangu mimi, na mama yake yeye aliyeshika kalamu. Aliletwa pwani mtoto, kwa miguu kutoka Nyasa, kamba imemwacha alama hapa kwenye kifundo, nimeishika kwa mkono wangu nikimkanda miguu. Kaka aliona haya, akalitua lile neno kwa wenzake. Kwa hiyo asicheke mtu wa Mikindani na asiinamishe kichwa mtu wa Lindi, mmetoka tumbo moja. Jina lake ninalo. Alikuwa nalo kabla ya kamba, na alinipa mimi. Silisemi kwenye simu. Ukurasa msiuchane na msiuanike, mpaka mje mlisikie."

Mwanahawa, 8:15 mchana
Tumekusikia Bibi. Shikamoo.

Salumu, 8:16 mchana
Shikamoo Bibi.

Mama Tatu, 8:16 mchana
Shikamoo mama. Nalia hapa gengeni.

Issa Dodoma, 8:40 mchana
Shikamoo Bibi. Nafuta niliyoyasema kuhusu maandishi, ruhusa yako inatutosha.

Fatu, 8:52 mchana
Bibi anasema ruhusa hajatoa bado.

Dada Zainabu Lindi, 10:30 jioni
Marahaba Salumu, nimeona umenitumia pembeni. Sina kinyongo na nyinyi watoto. Bibi, nimekaa tu hapa barazani tangu mchana.

IJUMAA

Mwanahawa, 7:30 mchana
Tumetoka msikitini. Kesho saa 3 asubuhi tukutane kwa Bibi, Magengeni. Salumu mashine, Hassani kioo kile cha kabati la marehemu mama yako, upana wake unatosha ramani. Mimi nakuja na sanduku, na ufunguo.

Hassani, 7:44 mchana
Kioo nitakileta. Nimekifuta tayari. Dada Zainabu, nisamehe na lile nililofuta jana, halikuwa la kuandikwa.

Fatu, 8:03 mchana
Kesho Bibi ana kliniki ya macho. Labda Jumapili. Na anasema hataki simu wala mashine siku hiyo, aje mwenye mwandiko mzuri na kalamu ya wino.

Salumu, 8:05 mchana
Shangazi, basi mimi nianze ramani kesho? Mchwa hawasubiri.

Mwanahawa, 8:06 mchana
Ramani anza. Vijitabu viache vilevile. Jumapili tuende kwa Bibi, na Dada Zainabu ndiye ashike kalamu.

Dada Zainabu Lindi, 11:10 jioni
Jumapili nina hitima Mchinga. Nendeni tu, mtaniambia.

Mwanahawa, 11:11 jioni
Hapana dada. Bila wewe hatumuulizi.

Mwanahawa, 2:25 usiku
Dada?