Malai yamekuwa meupe: maziwa yamepungua faida?

Mfugaji wa Gede
Asalaam aleikum. Ng'ombe ni chotara wa Jersey, hapa Malindi. Masika alikula nyasi mbichi, malai yakawa ya manjano. Kiangazi hiki ni mabua makavu, pumba ya mahindi na mashudu ya nazi, malai ni meupe pe. Mteja adai maziwa "hayana nguvu". Ni kweli? Na mbona ya mbuzi ni meupe mwaka mzima na yanasifiwa?

Bin Shela
Waaleikum salaam. Kwa kalsiamu, hapana. Lishe ikikosa, ng'ombe huitoa kwenye mifupa yake; anayeumia ni yeye. Manjano ni betakarotini ya majani mabichi, jua likiyakausha hupotea. Ng'ombe hugeuza sehemu tu kuwa vitamini A, inayosalia huingia kwenye mafuta. Mbuzi huigeuza karibu yote, kwa hiyo weupe wake usikutishe.

Kinachobadilika hasa ni mafuta. Majani mabichi huongeza omega-3 na vitamini E. Pumba nyingi kwa mpigo huchachusha tumbo, mafuta ya maziwa hushuka. Tanguliza majani, pumba igawe asubuhi na jioni.

Mwana wa Amu
Rangi tuiache. Hayo mashudu umeyavunja ukayanusa? Yakiwa na vumbi la kijani au yanavunda, tupa, usimpe hata kuku. Kuvu hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ng'ombe akiila sehemu yake hutokea kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Codex, viwango vya chakula vya kimataifa, inaruhusu mikrogramu 0.5 tu kwa kilo ya maziwa. Huioni wala huionji. Ukiacha kumlisha mashudu hayo, maziwa huchukua siku 3 au 4 kusafika, na siku hizo usiuze. Magunia yaweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Unyevu wa pwani yetu waujua.

Mfugaji wa Gede
Shukran. Sasa majani mabichi kiangazi hiki niyatoe wapi?

Bin Shela
Lukina na glirisidia, miti ya malisho, mizizi yake huenda chini sana. Lukina isizidi robo ya malisho: ina sumu iitwayo mimosini, ikizidi mnyama hunyonyoka manyoya na tezi ya shingo huvimba. Glirisidia ikate jioni, inyauke kivulini hadi asubuhi, maana ikiwa mbichi wanyama wengi huikataa kwa harufu. Mpe baada ya kukamua, si kabla, harufu isije ikaingia kwenye maziwa. Hapo mteja atalalamika kwa haki.